Ngoja, Inakuja Sehemu Yenyewe

Kuna watu wakipata kitu kizuri hukila, wakashiba, wakanyamaza. Mimi kwa upande wa muziki sikujaliwa ustaarabu huo. Nikikutana na kichupa kilichonikuna, lazima na wewe ukione, tena leo. Kukutumia tu hakunitoshi, maana najua utaandika "kali sana kaka" kabla hata hakijafunguka. Nitakuja mwenyewe, nikukabidhi simu, nisimame nyuma ya bega lako na kukulinda usikimbie. Ukianza kupiga miayo nitakwambia, "Ngoja, inakuja sehemu yenyewe." Na hiyo sehemu yenyewe ikikaribia, ama mtu wa mkopo anapiga, ama kile kiduara kinaanza kuzunguka katikati ya kioo, ama bando linakata. Unanirudishia simu huku ukisema "nzuri", kwa sauti ile ile unayomwambia muuza karanga "kesho".

Ugonjwa wangu hasa ni nyimbo zilizorudiwa na watu wengine, ambazo vijana wanaziita kava. Lakini si kava yoyote. Wimbo ukirudiwa vilevile ulivyokuwa, heri nimsikilize mwenyewe aliyeutolea jasho. Ninaoutafuta ni ule ulioangukia mikononi mwa mtu asiyehusika nao hata kidogo, naye akaushika kwa moyo wake wote.

Chukua "Malaika". Kwamba Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwamba Miriam Makeba aliuzungusha dunia nzima, na kwamba Boney M. waliutia disko mwaka 1981, hayo kila mtu kijiweni anayajua. Ninachowakamatia watu mimi ni The Hep Stars, vijana wa Uswidi waliouimba mwaka 1967, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, huyohuyo wa ABBA, wakati ABBA yenyewe haijazaliwa. Vijana wa Stockholm, nywele zimeshuka kwenye nyusi, wanalia kwa Kiswahili kuwa hawana mali ya kuolea! Nilicheka sana, mpaka nilipokuja kujua kuwa walikwenda Kenya kupiga filamu, filamu ikafia njiani, wakabaki na madeni. Nikanyamaza. Kumbe wenzetu walikuwa wanaeleza hali halisi.

Nyumbani kwangu mtazamaji wa kweli ni mmoja tu, naye ni shangazi yangu wa Tanga, anayekuja Dar kila akitibiwa macho. Ndiyo, macho. Yeye hukaa mpaka mwisho, halafu hutoa hukumu, na hukumu zake hazina rufaa.

Nilimwonesha "Liberian Girl" ya Michael Jackson. Wimbo umo kwenye albamu ya mwaka 1987, na unafunguliwa na sauti ya mama mmoja akisema maneno ya mapenzi kwa Kiswahili kisafi. Sauti hiyo ni ya Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Shangazi alisimamisha kijiko hewani.

"Huyu binti ni wa wapi, ulisema?"

"Liberia, Shangazi."

"Liberia si kule kwa Samuel Doe?"

"Huko huko."

"Na Kiswahili kafundishwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na nadhani Michael naye hakuwa nalo. Ikumbukwe kuwa hapo video bado haijaanza vizuri. Ilitoka mwaka 1989, na ndani yake wamejaa watu maarufu wa Hollywood: Steven Spielberg, Whoopi Goldberg, John Travolta na wengine chungu nzima, wamekusanyika kwenye seti wanamsubiri Michael aje kupiga video. Wanamsubiri, wanaulizana, wanaangalia saa. Mwisho kabisa ndipo inajulikana kuwa Michael alikuwepo muda wote, yuko nyuma ya kamera anawapiga picha wao. Kwangu mimi huo ni ujanja wa hali ya juu. Shangazi aliniuliza, "Yaani mimi nimengoja wimbo mzima nimwone anavyocheza, na mwenyewe ni kamera-mani?" Akaomba chai.

Kava anazozikubali duniani ni za mtu mmoja, Juma Bhalo wa Mombasa. Wanaoijua taarabu ya pwani wanajua jinsi marehemu Bhalo alivyokuwa akichukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi, akayatia mashairi ya Kiswahili, na ukimsikiliza unaapa kwamba tuni hiyo ilizaliwa Mji wa Kale. Shangazi alimsikia Bhalo kwanza, redioni, angali msichana. Filamu zenyewe aliziona baadaye sinema, na alipowasikia akina Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar wakiimba mahadhi yale yale, akakata shauri hapohapo kuwa Wahindi wamemwibia Bhalo. Nimejaribu kumpangia miaka, nimemwonesha tarehe za filamu. Hataki. "Karatasi yoyote mtu anaandika," anasema.

Kwa msimamo huo nilitegemea angempenda Kili Paul, kijana wetu wa Kimasai anayefuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo akiwa na dada yake Neema, shuka zao begani. India wamewapenda kupita kiasi. Februari 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja kwa majina kwenye hotuba yake ya redio. Shangazi alitazama, akarudia kutazama. "Kijana mzuri, na shuka limemkaa," akasema. "Lakini anachezesha mdomo. Bhalo alitia maneno."

Shemeji yangu ni mtihani wa aina nyingine. Ni dereva wa watalii Arusha, na kuna wimbo mmoja nikiutaja tu mbele yake anashika kiuno: "Africa" ya Toto, wa mwaka 1982. Aliyeutunga, David Paich, hakuwa amekanyaga bara hili alipouandika, na kwenye ubeti mmoja ameupandisha Mlima Kilimanjaro juu ya mbuga ya Serengeti. Kati ya viwili hivyo kuna zaidi ya kilomita 200, na katikati wamekaa Meru na Ngorongoro. Lakini mgeni amelipia, wimbo ameusikia tangu utotoni, kafika Serengeti na kofia yake na darubini, anauliza tugeukie wapi tuuone mlima. Shemeji amegundua kuwa kueleza jiografia kunapunguza bakshishi. Kwa hiyo huangalia upande wa mashariki kwa makini, halafu anasema, "Leo mawingu."

Mimi namtumia kava zake kwa makusudi. Weezer waliurudia mwaka 2018, baada ya binti mmoja shabiki wao kuwasumbua mtandaoni mpaka wakasalimu amri. Na kwenye video yao hata hawakujitokeza, wakamweka "Weird Al" Yankovic, bingwa wa kuchezea nyimbo za watu, akaimba kwa kujifanya ndiye kiongozi wa bendi. Hiyo Shemeji aliipokea kwa kimya. Kisha nikampa habari ya msanii Max Siedentopf, ambaye mwaka 2019 alipanga spika kwenye jangwa la Namib, zinatumia umeme wa jua, zinapiga "Africa" hiyohiyo bila kukoma, na hakuna mtu wa kuzisikiliza. Shemeji akapiga simu kabisa. "Sasa hiyo ndiyo sehemu yake," akasema. "Jangwani. Hakuna mgeni wa kuuliza mlima."

Ya watoto nitayapitia haraka kwa sababu gita lenyewe bado linauma. Kuna Wakanada wanaitwa Walk Off the Earth, ambao mwanzoni mwa mwaka 2012 walirudia wimbo wa Gotye watu watano wakiwa wamelizunguka gita moja: mmoja anabonyeza huku, mwingine anakwaruza kule, mwingine anagonga ubao. Pembeni kabisa amesimama jamaa wa ndevu ndefu, uso hauna habari na mtu, kazi yake ni ndogo kuliko ya wote. Niliwaonesha wanangu na wapwa zangu jambo hili ili wajifunze ushirikiano. Wote watano walitaka kuwa mzee wa ndevu. Ugomvi huo ulipoisha, uzi mwembamba ulikuwa umekatika na kujikunja mpaka kwenye vigingi, daraja limeng'oka na kipande cha rangi, na mdogo kuliko wote amesimama pembeni na kitambaa cheusi kidevuni, uso hauna habari na mtu. Yeye alielewa.

Lakini yote hayo ni mambo ya ndani. Lililotoka nje ya nyumba ni la siku ya posa ya mpwa wangu.

Wageni walipokelewa sebuleni kwangu. Asubuhi yake vijana walikuwa wameleta spika kubwa ya Bluetooth kwa ajili ya kaswida za kukaribishia, na kwa kuijaribu walitumia simu iliyokuwa karibu, nayo ni yangu. Hawakunieleza. Wazee wakaingia, kaswida zikapita, pakawa kimya cha heshima. Mimi nilikuwa uani na Shangazi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele wa duru ya pili, na nikaona huu ndio wasaa wa kumwonesha Leningrad Cowboys.

Kama hujawaona, hawa ni bendi ya Wafini wenye mikonga ya nywele iliyochongoka mbele kama pembe, na viatu vyenye ncha ndefu vilevile. Juni 1993, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, walisimama kwenye uwanja mkubwa katikati ya Helsinki pamoja na kwaya ya jeshi la Urusi, ile ya Alexandrov, wanajeshi wenyewe na sare zao, wakapiga nyimbo za roki za Kimarekani na Kiingereza. Mimi sijawahi kuona watu wasiohusiana wakielewana namna ile. Nikaweka "Delilah".

Picha ikaanza, sauti hakuna. Nikaongeza. Hakuna. Shangazi akasema labda maji yameingia. Nikaongeza mpaka mwisho, nikaigonga kidogo kwenye kiganja.

Sebuleni, mshenga alikuwa amefika pale pa kusema kuwa wameona ua zuri katika bustani yetu. Kabla hajalichuma, jeshi zima la Urusi likafyatuka kutoka nyuma ya kochi. Nasimuliwa kuwa kikombe kimoja kilianguka na mzee mmoja alitamka shahada. Mshenga, mtu aliyeposea nusu ya Tanga, hakutikisika. Aligeuza kichwa taratibu kuelekea kwenye kochi, akauliza kwa adabu kamili:

"Na hawa wazee wetu, ni wa upande wenu au wetu?"

Mpwa mmoja aliifunika spika kwa mto. Kwaya ikaendelea kuguguma ndani ya sufi. Mle ndani aliyekuwa akiyafuata maneno ni mmoja tu: mjomba wetu, mwalimu wa Kiingereza mstaafu. Wimbo huo Tom Jones aliuimba mwaka 1968, na kisa chake ni cha mwanamume aliyemfuma mpenzi wake na mwingine, akavizia mpaka alfajiri, akabisha hodi na kisu. Mjomba alikaa wima, macho kwenye zulia, akiombea wageni wasiwe na mtu wa kutafsiri. Alinitokea uani akiwa na jasho. "Wewe," akasema, "unawapigia watu wimbo wa mauaji, wamekuja kuoa?"

Baba mkubwa wa bwana harusi ndiye aliyetuokoa, kama ni kuokoa. Alisomea uhandisi Moscow miaka ya 1970. Aliposikia zile sauti nene, akainuka, akautoa ule mto mwenyewe, akasikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, macho yana maji. Mahari ilikubaliwa bila kuvutana hata shilingi. Kabla hajaondoka alinishika mkono akataka nimtumie, naye ni wa kwanza katika maisha yangu kuniomba video kwa hiari yake.

Barua ya majibu ilipoandikwa, chini ya mkaja wa mama na kilemba cha babu, Mjomba aliongeza kwa mkono wake sharti kuwa ule wimbo usipigwe siku ya harusi. Mshenga akalisoma, akaikunja barua, akasema ameelewa. Baba mkubwa lakini barua hakuonyeshwa.

Usiku wa sherehe, ukumbi umejaa, mshereheshaji akawaita maharusi mbele wakate keki, akatangaza kuwa kuna wimbo maalumu ulioombwa na mzee wetu kutoka upande wa bwana harusi. Kinanda kikaanza. Nikamtambua Mjomba kwa namna alivyosukuma kiti. Aliacha pilau yake, akatembea mpaka meza kuu, akasimama hatua mbili kutoka kwa bwana harusi, mikono nyuma, uso wa msimamizi wa mitihani. Watu walidhani ni heshima na wakampigia makofi. Hakuondoka pale mpaka keki imelishwa na kisu kimerudi mezani.