Giza la Kununua

Wadenmark, walipokwisha kushiba umeme, waliona wanakosa giza. Mwaka 2010 studio yao iitwayo Playdead ikaanza kuliuza: mchezo wa Limbo. Mtoto asiye na jina anamtafuta dada yake msituni, kila kitu cheusi na kijivu, hasemi mtu, nyayo zake tu ndizo zinazosikika majanini. Nikiri, kazi ni nzuri. Buibui alipochomoza mguu mmoja nyuma ya mti, taratibu, chai ilinipoa mkononi.

Ila uungwana hakuna. Mtego umelala ndani ya nyasi. Hujauona, kichwa kimeshang'oka. Unafufuka hatua chache nyuma, unafia palepale, eti ndiyo kujifunza.

"Mjomba, si uruke tu!" anacheka mpwa wangu wa mtaa wa Majengo.

Kuruka! Ananifundisha kuruka mimi, niliyesukuma chukudu, kile kigari cha mbao, yenye magunia ya makaa juu ya mawe yaliyotapikwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002?

Nikiwa nimebakiza shimo moja, umeme ukakatika. Chumba cheusi, mbwa anabweka, dirishani wekundu juu ya mlima.

"Mjomba," akanong'ona, "hii nayo ni levo ya ngapi?"