Namna ya Kumuua Msomaji Wako kwa Haki

Msomaji wa riwaya hafi. Hata mhusika mkuu akizikwa katika sura ya pili, yeye anaendelea kunywa chai yake. Kitabu-mchezo ni habari nyingine. Humo wewe ndiye mwenye upanga, wewe ndiye unayechagua mlango, na wewe ndiye unayetumbukia shimoni na kuambiwa kwamba safari yako imeishia hapo. Aliyekusukuma ni mwandishi. Mwongozo huu ni wake, na unamfundisha kusukuma vizuri.

Mwaka 1979, nchini Marekani, The Cave of Time ya Edward Packard ilifungua mfululizo wa Choose Your Own Adventure, ambamo msomaji alichagua ukurasa wa kwenda bila kurusha chochote. Mwaka 1982 Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walitoa The Warlock of Firetop Mountain: sehemu 400 zenye namba, dadu mbili, penseli na kifutio. Tangu hapo kuua msomaji kumekuwa ufundi unaojitegemea, na mfululizo wao wa Fighting Fantasy umeua wengi.

Nami nataka uue. Kitabu ambacho kila njia yake inafika salama hakimwombi msomaji afikiri, na asiyeombwa kufikiri amedharauliwa. Ugumu ni heshima, mradi uwe na haki. Na haki ni hii tu: aliyekufa aweze kuona, akirudi nyuma, mahali ambapo angeweza kuamua vingine.

1. Usimuue kabla hajaanza safari

Katika Fighting Fantasy, Ustadi wa shujaa hupatikana kwa kurusha dadu moja na kuongeza 6. Basi mmoja anaanza na 7, mwingine na 12, na wote wawili wanakwenda kupigana na zimwi lilelile. Katika kila raundi, kila upande unarusha dadu mbili na kujumlisha Ustadi wake. Mwenye jumla kubwa anajeruhi.

Sasa piga hesabu. Bloodbeast, zimwi la Deathtrap Dungeon, kitabu cha Livingstone cha mwaka 1984, ana Ustadi 12. Shujaa mwenye 12 yuko sawa naye. Shujaa mwenye 7 atashinda kama raundi 5 kati ya 100, atashindwa kama 90, na zilizobaki ni sare. Tofauti hiyo yote imetokana na dadu moja iliyorushwa kabla ya sehemu ya kwanza kusomwa. Huyo msomaji hakukosea popote. Kwenye bao hakuna anayepigiwa kura ya idadi ya kete. Wachezaji wanaanza sawa, na atakayefungwa amefungwa kwa mkono wake mwenyewe.

Tiba ipo. Katika Flight from the Dark, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Lone Wolf, Joe Dever naye aliacha nguvu ya kupigana mikononi mwa bahati, lakini aliongeza jambo la maana: msomaji anachagua vipaji vitano kati ya kumi. Uchaguzi huo ni wake, na matokeo yake atayabeba bila kunung'unika. Ukitaka mashujaa wasiolingana, wape pointi wagawe wenyewe: anayependa upanga auchukue, anayependa ujanja auchukue.

2. Mwonye, kisha muue

Njia panda pangoni. Kushoto au kulia? Ukiandika hivyo bila neno zaidi, kisha kushoto ukaweka sumu, umerusha shilingi kwa niaba ya msomaji. Hapo hakuna ugumu wowote, kuna ajali tu.

Weka dalili. Kushoto kuna harufu tamu isiyo na asili chini ya ardhi. Kulia kuna michirizi ya kucha sakafuni. Dalili isiwe bango. Iwe jambo ambalo msomaji makini atalipima na mwenye haraka atalipita. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na methali hiyo ina sharti ambalo waandishi wengi hulisahau: mkuu lazima awe amesema kwanza. Ukishasema, vunja guu.

Dever alilifanyia hili kazi nzuri. Msomaji aliyechagua kipaji cha Hisi ya Sita hupata maonyo ambayo wengine hawayapati. Asiye nacho alikiacha mwenyewe akachukua kingine, kwa hiyo hata kunyimwa onyo kumetokana na uamuzi wake.

3. Ufunguo uuweke mahali unapotafutika

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, kwa sababu msomaji analigundua akiwa amechelewa. Katika The Warlock of Firetop Mountain unaweza kumshinda mchawi Zagor na bado ukakosa hazina, kwa kuwa sanduku lake linahitaji funguo ulizopaswa kuokota njiani. Katika Deathtrap Dungeon huwezi kutoka bila vito vitatu: zumaridi, yakuti na almasi. Umepita mlango uliokuwa na kimoja? Umeshakufa, ila hujaambiwa, na utaendelea kupambana kwa sehemu nyingi zilizobaki ukiwa marehemu anayetembea.

Sikatazi kutafuta vitu. Kutafuta ndiko kunakokipa kitabu umbo la fumbo. Fuata masharti matatu. Kwanza, msomaji ajue mapema anatafuta nini. Pili, kitu kikae mahali ambapo udadisi unafika: nyuma ya swali lililoulizwa vizuri, mkononi mwa mtu aliyesaidiwa, na si mwisho wa njia isiyotofautiana na nyingine. Tatu, akikikosa, ajue karibu na hapo. Mlinzi wa lango la katikati anaweza kukidai, na kifo cha katikati ya kitabu ni cha huruma kuliko cha mwishoni.

4. Bahati iwe akiba, isiwe hakimu

Jackson na Livingstone walibuni kitu kizuri sana katika kipimo chao cha Bahati. Unarusha dadu mbili. Ukipata namba isiyozidi Bahati yako, umefanikiwa. Lakini kila unapoipima, inapungua kwa 1. Mwenye 9 anafanikiwa kwa asilimia 83. Akifika 8 ni asilimia 72, akifika 7 ni 58, na akifika 6 ni 42. Vitani una hiari ya kuitumia ili jeraha unalotoa liwe kubwa zaidi, au unalopata liwe dogo. Hapo bahati imekuwa mali: unaitumia leo ukijua utaihitaji kesho.

Uzuri huo unaharibika mwandishi anapoandika: pima Bahati, ukishindwa umekufa. Lazimisha kipimo ukitaka, ila adhabu yake iwe jeraha, upanga uliopotea au njia ndefu zaidi. Kifo kikae kwenye uamuzi.

5. Heshimu kidole

Kila msomaji wa vitabu hivi amewahi kuacha kidole kwenye ukurasa alikotoka, ili akifa arudi kimyakimya. Usimkaripie. Packard alilifahamu hilo mwaka 1982 alipoandika Inside UFO 54-40, ambamo sayari ya Ultima haifikiwi kwa uchaguzi wowote; anayeiona ni yule aliyevunja kanuni na kufunua kurasa ovyo. Studio ya inkle, ilipoanza mwaka 2013 kutoa Sorcery! ya Jackson kama mchezo wa simu, iliruhusu msomaji kurudi nyuma waziwazi. Watu bado waliogopa, bado walifikiri.

Kidole ni ripoti. Panapojaa vidole, wasomaji hawamwamini mwandishi, na mara nyingi wana sababu.

6. Timiza uliyoahidi

Kanuni za Fighting Fantasy zilimwahidi msomaji kwamba ipo njia yenye hatari ndogo, ambayo hata mwenye namba dhaifu anaweza kuipita. Ni ahadi nzuri. Lakini Crypt of the Sorcerer, kitabu cha mfululizo huo cha mwaka 1987, ina sifa miongoni mwa mashabiki ya kuwa karibu haishindiki, hata kwa anayeijua njia. Mwenye Ustadi 7 hapo hana safari, ana mazishi.

Kwa hiyo chora ramani ya sehemu zako zote. Cheza kwa shujaa dhaifu kuliko wote unaomruhusu, na kila vita uvipigie hesabu kabla ya kuamua kwamba ni vigumu tu. Kisha mpe muswada mtu asiyekuonea aibu. Kila anapokufa, muulize swali moja: ulikosea wapi? Akikutajia namba ya sehemu, kiache kifo hicho hata kama kimemkasirisha. Akisema hajui, kifute.