Kucha Jumatano, Ngozi Alhamisi

Uingereza jua huja kwa mwaliko, na mara nyingi halifiki. Ndiyo maana huko bibi harusi mtarajiwa huingia kwenye kibanda cha saluni na chupi ya karatasi, akanyoosha mikono, akapuliziwa rangi ya kahawia mwili mzima kama mkorosho wa Mtwara unaopigwa dawa. Huku kwetu wapo wanaonunua mkorogo wapungue rangi. Kule wanalipa waongezewe. Hilo tuwaachie wenye ngozi zao. Linalonikera mimi ni jambo dogo zaidi: huyo aliyekwisha kuiva vizuri hutoka hapo akaenda kutengeneza kucha, kwa hoja kwamba kucha ni pambo la mwisho, kama nyanya juu ya sahani ya pilau. Nasema hoja hiyo ni mbovu, na ushahidi uko kwenye ngozi yenyewe.

Rangi hiyo si rangi ya ukutani. Ni sukari iitwayo dihidroksiasetoni, ambayo ikikutana na asidi za amino za ngozi hugeuka kahawia, kwa mmenyuko wa jamaa moja na ule unaoupa mkate ganda lake. Tabia hiyo ilichunguzwa huko Cincinnati, Marekani, katika miaka ya 1950 na Eva Wittgenstein, aliyekuwa akiwanywesha watoto wagonjwa sukari hiyo: ilipodondoka, ngozi ilipata madoa, nguo hazikupata. Lakini kinachoiva ni tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa na linalopukutika kila siku, ndiyo maana rangi yote huondoka ndani ya wiki moja hivi. Sasa tazama kazi ya mtengeneza kucha. Huloweka vidole kwenye maji ya moto, husugua kwa chumvichumvi, hukwangua ngozi ya pembeni, na kama kuna jeli ya zamani huizungushia pamba yenye asetoni. Kila hatua ni adui wa tabaka hilohilo. Bibi harusi amelipa apakwe, kisha amelipa afutwe, na anavalishwa pete kwenye kidole kinachofanana na mkate uliokatwa ganda.

Mbishi atasema: kucha zikitangulia, dawa itazichafua. Kweli, kucha ni keratini na hushika rangi hiyo, hata kuwa za njano kama za mtu aliyeshinda akitwanga manjano. Lakini kucha iliyopakwa rangi yake imevaa koti. Mpuliziaji akimaliza, kitambaa chenye unyevu kinatosha kuipangusa kabla dawa haijakolea. Kucha tupu haina koti. Mwingine, mwenye haraka, atauliza kwa nini asifanye yote siku moja, kucha asubuhi na ngozi jioni. Kwa sababu mtengeneza kucha humalizia kwa mafuta na losheni, na palipo na mafuta dawa haishiki: mwili utakuwa wa kahawia na migongo ya viganja myeupe, kama trafiki aliyevaa glavu. Ikipita siku moja na mikono ikaoshwa vizuri, mafuta yanakuwa yametoka.

Wala hapa pwani elimu hii si ngeni. Somo wa bibi harusi hajawahi kufundishwa kemia, lakini humsugua mwari kwa singo kwanza, kisha ndipo hina inapokuja. Hakuna aliyepaka hina leo akasugua singo kesho, maana hina nayo hukaa kwenye ngozi iliyokufa na huchukua siku moja au mbili kukolea. Tofauti ni kwamba hina ikiingia kwenye kucha haina msamaha: haioshwi, inasubiriwa iote mpaka ikatwe, na ukucha wa mkono huota kama milimita tatu kwa mwezi. Sukari ya Waingereza ina huruma kidogo. Kwa hiyo harusi ikiwa Jumamosi, bibi wee, kucha Jumatano, kupuliziwa Alhamisi, na Ijumaa vyombo aoshe mwingine.