Bahari Iko Wapi?

Mama yangu amezaliwa na kukulia Njombe, ambako mwezi wa saba maji ya kunawa uso yanauma kama nge. Mtu wa huko ukimwambia habari za likizo ya ufukweni lazima umfafanulie. Nikamwambia tunakwenda Unguja, tutakaa Jambiani, tutakula vizuri na hatutafanya kazi yoyote.

“Sasa kutwa nzima tutakuwa tunafanya nini?” akauliza.

Akafungasha ndoo ya viazi vya kuchemsha, maana huko kisiwani hatujui wanakula nini. Boti kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na siku ile mkondo ulikuwa umechafuka. Wahudumu wakapita wakigawa mifuko. Mimi niliyejidai mwenyeji nikaufumbata wangu kwa mikono miwili. Mama, ambaye bahari alikuwa akiiona kwenye kalenda, alifungua ndoo akaanza kumenya, huku akiwakaribisha viazi majirani waliokuwa wakitapika. Hakuna aliyeitika.

Hotelini nilikuwa nimeongeza hela tupate chumba kinachotazama bahari. Tulifika jioni maji yamejaa, mawimbi yanapiga karibu na ngazi, mama akakiri kwamba pesa imeonekana. Alfajiri akanitikisa.

“Amka, baba. Maji yameondoka.”

Kweli, mbele yetu palikuwa na mchanga, majani, na ngalawa zimelala ubavu. Bahari ilikuwa mstari mweupe kule mbali kwenye mwamba. Kabla sijavaa ndala, mama yuko mapokezi. Kijana wa watu akamweleza kwa heshima: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, wakati wa bamvua tofauti ya kina hufika kama mita nne, na pwani ya mashariki ni tambarare, kwa hiyo yakitoka yanatoka kwelikweli. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

“Nimekuelewa, mwanangu. Na saa hizo ambazo bahari haipo, bei mnapunguza?”

Hakupunguziwa. Basi akakunja kanga akateremka mchangani, waliko kina mama wa mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza upande huu wa kisiwa mwaka 1989, na kazi yenyewe ni ya kuinama: vigingi vinakitwa, kamba inavutwa, vishada vya mwani vinafungwa kimoja kimoja. Ukitaka kumpumzisha mwanamke wa Njombe, mwonyeshe shamba. Muda si mrefu alikuwa mstari wa pili, maji ya magotini, anafunga na kupiga soga.

Nami nilikuwa chini ya mwavuli na dafu langu. Mzungu wa kitanda cha jirani alimtazama mama aliyeinama juani, akanitazama mimi, akalitazama dafu. Macho yale hayakuhitaji mkalimani.

Mama alirudi na pweza, zawadi ya wenyeji wake, pamoja na maelekezo kwamba pweza asipopigwa halainiki. Akampiga. Kwenye ngazi za hoteli, wageni wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi, yule pweza akipaa na kushuka hadi mpishi alipotoka mbio kuja kumwokoa. Sijui alimwokoa pweza au ngazi. Mchana tulimla wa nazi, mchuzi mzito wenye ndimu na bizari, na wali. Mama alikomba sahani, akaingia jikoni kuuliza nazi iliyotumika ni tui la kwanza au la pili. Ndoo ya viazi haikutajwa tena.

Tulipoingia mjini, urojo haukumpata. Aliangalia bakuli, bajia, kachori, kiazi, yai na mishikaki vikielea kwenye mchuzi mmoja wa njano, akasema huyu mpishi alikuwa na haraka. Hapo mama alikosea, na nasema hivyo hadharani.

Jioni, Forodhani, akaona sufuria ya supu ya pweza. Msomaji wa pwani anajua supu ile inanywewa kwa ajili gani. Wa bara aulize watu wazima. Mama akaagiza kikombe. Wanaume waliokizunguka kibanda wakanyamaza. Akaagiza cha pili, na pilipili juu. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akageuka kutazama baharini, mabega yakimtikisika. Muuzaji akaniinamia sikioni.

“Bi mkubwa ana mume?”

“Yuko Njombe.”

“Basi wahini boti ya asubuhi.”

Nawe unayepanga kumpeleka mzazi Unguja, chukua chumba cha nyuma, ni nafuu na bustani haikupwi. Kama lazima aione bahari kutwa, nendeni Nungwi au Kendwa, huko maji hayaendi mbali. Na mkifika Forodhani, supu mnunulie kikombe kimoja tu.