Hesabu za Gabbar Singh

Shemeji yangu ana kanuni moja ya kuangalia picha: mtu asifungue mdomo mpaka adui mkuu afe. Kanuni hiyo ameitunga kwa ajili yangu. Wengine wote sebuleni kwetu wanajua kunyamaza wenyewe, hata watoto, mradi bisi zipo. Mimi ndiye tatizo. Nimetunza stoo kwa miaka mingi, na mtu aliyezoea kuulizwa kila mwisho wa wiki boksi la misumari limekwenda wapi hawezi tena kuona gari likilipuka akapiga makofi. Anayaangalia matairi. Anajiuliza kama yalikuwa mapya.

Chukua Commando, ile ya 1985, ya Arnold Schwarzenegger, ambaye mtaani tulimwita Anodi na maisha yakaendelea. Binti yake ametekwa, naye anapandishwa ndege ya kwenda Val Verde, nchi ambayo huwezi kuipata kwenye ramani yoyote. Anaruka kutoka kwenye magurudumu wakati ndege inapaa, anatua kwenye kinamasi, anatega saa yake: ana saa 11 kabla ndege haijafika na waliomteka mtoto kugundua hayumo. Haya, ni baba, uchungu wa mwana tunaujua. Lakini ndani ya saa hizo anang'oa kiti cha gari la dada wa watu aliyemkuta siku hiyo hiyo. Anang'oa kibanda cha simu chenye mtu ndani. Anaingia duka la silaha kwa kulibomoa na tingatinga, tena tingatinga lenyewe si lake, kisha anapita kwenye rafu akijichotea kama mama mwenye duka anayefunga mzigo wa harusi ya mwanawe. Hakuna karatasi hata moja iliyosainiwa.

Halafu kuna ile Porsche ya njano. Katika kufukuzana, inapigwa mpaka inalala ubavu, upande mzima umebonyea. Anodi anamalizana na mwenyewe kule kwenye jabali, anarudi, anaisimamisha kwa mikono, anaondoka nayo. Na upande ule ule uliobonyea, jamani, hauna hata mkwaruzo.

"Rudisha nyuma," nilimwambia mume wangu.

Akarudisha. Tukaangalia tena. Gari liliingia bovu, likatoka zima, na fundi hatukumwona.

"Shemeji, hii ni picha tu," akasema shemeji, kwa ile sauti ya upole anayotumia mtu aliyekaribia kutoka nje.

"Najua ni picha. Nauliza bodi ya gari katoa nani."

Tulipofika kwenye vita ya mwisho kule kisiwani, uniti za umeme za LUKU zikaisha. Sebule nzima ikanigeukia gizani, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikizila. Shemeji, kwa kuwa alishaiona picha hiyo tangu enzi za mabanda ya video, akajitolea kutusimulia mwisho. Alisimulia vizuri sana, kwa milio ya bunduki na ya watu kuanguka, na watoto wakapanda juu ya makochi kwa furaha. Umeme uliporudi tukaimalizia, na tukakuta Anodi wa kwenye runinga ameua watu wachache kuliko wa shemeji. Mdogo wetu akataka turudi kwenye ile ya gizani.

Sasa mpaka hapo mtu angeweza kusema mimi sina moyo wa picha. Siyo kweli. Nilipenda, tena nilipenda kwa nguvu, siku tulipoweka Sholay.

Sholay ni ya 1975, ya Ramesh Sippy, na kwa watu wa umri fulani hapa kwetu haihitaji utambulisho: Amitabh Bachchan ni Jai, Dharmendra ni Veeru, na Amjad Khan ni Gabbar Singh, jambazi ambaye jina lake hutumika kuwanyamazishia watoto. Gabbar ametuma watu wake watatu kijijini Ramgarh kuchukua chakula cha wanakijiji, nao wamerudi mikono mitupu, wamefukuzwa na watu wawili. Gabbar anachukua bastola na kuuliza ina risasi ngapi. Sita. Na watu ni watatu. Anaona hilo haliko sawa, risasi sita kwa watu watatu, kwa hiyo anapiga tatu hewani ili vilingane. Anazungusha kile kibweta cha risasi. Anamwekea wa kwanza kichwani: tupu. Wa pili: tupu. Wa tatu: tupu. Gabbar anaanza kucheka, wale watatu wanacheka, kambi nzima inacheka, na katikati ya kicheko anawageukia na kuwapiga wote.

Watoto walijificha nyuma ya mito. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole. Zimeingia sita. Zimetoka tatu hewani, tatu zimetoka kwa watumishi. Salio, sifuri.

Nilikaa wima. Katika picha zote nilizowahi kuangalia, huyu alikuwa wa kwanza kufunga hesabu mbele ya mashahidi. Mwenzake Anodi anamwaga risasi tangu mchana mpaka jua linazama bila kuuliza zimebaki ngapi. Gabbar, muuaji, mkata mikono ya watu, anauliza kabla hajaanza! Ukimtoa kule milimani ukampa funguo za stoo, nchi ingepona. Wafanyakazi je? Hilo ni suala lingine.

Na angalia wema wanavyofanya. Karibu na mwisho, Jai na Veeru wamebanwa na majambazi, risasi zimekaribia kwisha. Inabidi mmoja amtoroshe Basanti na kwenda kuleta risasi nyingine, mwenzake abaki akizuia. Wanarusha sarafu. Jai anabaki, anapigana pale darajani, na Veeru anaporudi anamkuta yuko mahututi. Ndipo tunapogundua kwamba ile sarafu aliyokuwa akiirusha tangu mwanzo wa picha ina sura moja pande zote mbili. Alikuwa amejichagulia kubaki. Shemeji, ambaye imani yake yote duniani ni kwamba stelingi hafi, alivuta fulana akajifuta macho.

"Wangeagiza risasi mapema," nikasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Hakunisemesha mpaka asubuhi. Hata chai alipokea bila kusema asante, akaniangalia tu.

Tangu hapo nimekuwa na wazo ambalo sijaona wa kulivunja: kwenye picha, waovu ndio wanaojua kuandika. Mama mkwe wangu alinipa ushahidi mwingine bila kukusudia. Yeye aliiona Mother India ukumbini Tanga alipokuwa msichana, na bado anaisimulia kama habari ya jirani. Ni picha ya 1957. Familia ya Radha, ambaye ni Nargis, inakopa rupia 500 kwa Sukhilala ili kulipia harusi, na riba inakuwa robo tatu ya mavuno, kila mavuno. Mazao yanaondoka, deni liko pale pale, limeandikwa kwenye daftari ambalo mkopaji hajui kulisoma.

"Kausha damu huyo," mama mkwe akasema siku tulipoiweka, akimnyooshea kidole Sukhilala kwenye runinga. "Hawa wakopeshaji wanaozunguka na pikipiki huku mtaani ni wajukuu zake."

Wanawake wote tuliokuwepo tukaguna, maana si wote ambao pikipiki hiyo haijawahi kusimama mlangoni kwao. Nikataka kuongeza kwamba daftari la Sukhilala, kama daftari, limepangwa vizuri, mistari imenyooka. Nikamwangalia mama mkwe. Nikaacha.

Za Kihindi za baadaye siziwezi. Katika Kabhi Khushi Kabhie Gham ya 2001, Shah Rukh Khan na Kajol wanaanza kuimba wakiwa India, na ghafla wako Misri, kwenye mapiramidi, upepo unavuma, na kila wakigeuka wana nguo nyingine. Nilitafuta sanduku. Picha ina zaidi ya saa tatu na sanduku halikuonekana.

Titanic ndiyo iliyonivuruga, kwa sababu mle yumo mwenzangu. Nakala tuliyokuwa nayo zamani ilikuwa ya kutafsiriwa, ya Lufufu, aliyekuwa akiongea juu ya sauti za wenyewe na kuongeza maoni yake, kwa hiyo ilinichukua muda kumsikia vizuri. Mwenzangu si Jack. Jack alipata tiketi kwenye kamari na jina lake halimo kwenye orodha. Huyo kwangu ni mzigo ulioingia bila hati. Mwenzangu ni Rose. Wote wanatembea sitahani wakisifu meli, yeye anahesabu boti za kuokolea watu, anapiga hesabu kichwani, kisha anamwambia aliyeisanifu meli kwamba hazitoshi. Na hazikutosha kweli: boti 20, nafasi 1,178, na ndani ya meli watu zaidi ya 2,200. Linaloudhi zaidi ni kwamba sheria ya Uingereza ya wakati ule ilipima boti kwa ukubwa wa meli, siyo kwa idadi ya watu, na ilidai boti 16 tu. Kwa karatasi, Titanic ilikuwa na ziada!

Mjomba wangu aliyewahi kufanya kazi Mwanza huwa anatoka sebuleni kabla meli haijainama. Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, imejaza kupita uwezo wake, na hakukuwa na orodha kamili ya waliopanda. Akitoka hatumuulizi anakwenda wapi. Hapo hata mimi sina la kusema.

Basi Rose huyo, mtu aliyehesabu boti, anafikisha miaka mia, ana kito cha almasi ambacho watu wamekitafuta chini ya bahari kwa miaka mitatu kwa vyombo vya gharama, anasimama nyuma ya meli yao usiku na kukidondosha majini. Nilipiga ukelele jirani akaja kuuliza kama ni msiba. Mume wangu akanieleza kwamba ni alama ya mapenzi. Nikamuuliza, tangu lini alama ya mapenzi ikatupwa bila mashahidi wawili na fomu ya kuteketezea mali?

Stelingi wangu halisi, kama lazima niwe naye, ni N!xau wa The Gods Must Be Crazy, ya 1980, iliyotengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini. Rubani anatupa chupa ya Coca-Cola kutoka kwenye ndege, inaanguka Kalahari, watu wanaanza kuigombania, na huyu bwana anaamua kuipeleka mpaka mwisho wa dunia akaitupe huko. Sina uhakika kama mtu asiyewahi kununua soda ya chupa kwetu anaweza kuelewa uzito wa jambo hili. Hapa mtoto hapewi soda bila kuacha chupa tupu au kuinywea pale pale dukani, mwenye duka akimkodolea macho. Kreti lililopungua chupa moja limeshavunja ujirani wa watu. Halafu tazama mtu mzima anatembea jangwani kwa miguu, anakutana na askari, waasi na mzungu anayegonga kila kitu na gari, na chupa haijavunjika.

"Angempa tu mwenye duka," watoto wakasema.

"Duka liko wapi Kalahari?"

"Sasa anamrudishia nani?"

"Aliyeitupa." Niliwaeleza kwamba hiyo ndiyo inaitwa kufuata utaratibu. Watu wameisema sana picha hiyo, na wana haki, kwa namna ilivyowaonyesha Wasan, watu wa N!xau, kama watu wasiojua lolote la dunia, tena ikitoka kwenye nchi iliyokuwa ya ubaguzi wa rangi, na N!xau mwenyewe, aliyeibeba picha nzima mgongoni, alilipwa kidogo sana mara ya kwanza. Ningependa kuona leja ya hao watengenezaji. Lakini yeye na chupa yake sina neno.

Za kwetu Bongo naziangalia kwa sababu moja: lile kochi. Kuna kochi la ngozi nyeupe, lenye doa dogo kwenye mkono wa kushoto, ambalo limekuwa la mkurugenzi, la mchungaji, la mganga tajiri na la mjane aliyeachiwa nyumba Mbezi. Kila likitokea nalisalimia. Shemeji anadai ni makochi tofauti. Doa je?

Sasa juzi wakaniwekea Avengers: Endgame ya 2019, baada ya kunieleza kwa kifupi ile iliyotangulia. Thanos anasema dunia haina vitu vya kutosha, anapiga kidole, nusu ya viumbe wote wanageuka vumbi. Nusu kamili. Unaona? Mwovu tena, na hesabu iko sawasawa, ingawa ni mara ya kwanza naona mtu ambaye stoo ikipungua anapunguza wateja. Miaka mitano inapita. Halafu wema wanapiga kidole chao na wote waliopotea wanarudi, muziki unapanda, watoto wanashangilia.

Mama mkwe, aliyekuwa akisinzia, akafumbua macho.

"Wamerudi wote?"

"Wote, mama."

"Baada ya miaka mitano?"

"Ndiyo, mama."

Akajiweka sawa kitini. "Na mirathi ilishagawanywa?"

Shemeji akashika kichwa. Mimi nilihisi kama aliyekuwa akiongea peke yake miaka yote, hatimaye amejibiwa. Maana fikiria: mtu amekuwa vumbi, msiba umekwisha, arobaini imekwisha, kiwanja kimeuzwa, mke ameolewa na ana mtoto wa miaka mitatu. Jioni moja mwenyewe anabisha hodi, nguo zile zile, anauliza chakula. Mama mkwe akasema ndoa ya kwanza haijavunjika kwa sababu hakuna maiti. Mjomba akasema mahakama ingetambua ya pili. Jirani aliyekuja kuazima chumvi akauliza kuhusu mshahara wa hiyo miaka mitano, na kama michango ya mfuko wa jamii ilikuwa ikikatwa. Nikaenda kuleta kalamu.

Kwenye runinga watu walikuwa wakipigana vita kubwa, ngao zinapasuka, mbingu zinafunguka. Mume wangu akapunguza sauti ili tusikilizane. Mpaka tunakubaliana kwamba mke achague mwenyewe, kiwanja kibaki kwa aliyenunua kwa kuwa ana hati, na ng'ombe wahesabiwe upya pamoja na ndama waliozaliwa, majina ya mwisho yalikuwa yanapita kwenye kioo na shemeji alikuwa ameshakwenda kulala na bakuli zima la bisi.