Ombi la Kibali cha Kuona Jua

Barua ya wazi kwa Mwenyekiti, Kamati ya Mipango Miji, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam

YAH: MABADILIKO YA MATUMIZI KATIKA KATA ZA UPANGA MASHARIKI NA UPANGA MAGHARIBI

Husika na mada tajwa hapo juu.

Wakazi wa Upanga wanaisalimu Kamati, na kabla ya yote wanaomba radhi kwa usumbufu. Wamekaa mno kwenye njia ya maendeleo. Baadhi yao bado wanaishi katika nyumba za ghorofa moja zilizojengwa miaka ya 1950, familia za Kiismailia na nyingine zenye asili ya Bara Hindi zilipokuwa zikihama msongamano wa katikati ya mji. Hawakujua kwamba siku moja kibaraza, mwarobaini na ua wa kuanikia nguo vingehesabiwa kuwa ardhi iliyolala.

Ili kujirekebisha, wameamua kufuata utaratibu. Mwenye kiwanja akitaka kugeuza nyumba ya familia moja kuwa ghorofa 15, huomba mabadiliko ya matumizi. Wakazi nao wanaleta maombi yao, kwani vitu vingi mtaani vimekwisha kubadilishiwa matumizi bila karatasi hata moja, na raia mwema hawezi kulifumbia macho jambo hilo.

Ombi la kwanza: mitaa ya ndani itambuliwe rasmi kuwa maegesho. Watembea kwa miguu wahamishiwe juu ya mifuniko ya mitaro, na pale mfuniko ulipoibwa, wajiongeze.

Ombi la pili linahusu chemba. Upanga ni moja ya sehemu chache za jiji zenye mabomba ya majitaka. Kwingineko watu wengi bado wanategemea mashimo. Mabomba hayo yalilazwa kwa ajili ya nyumba fupi. Hesabu yake haihitaji mhandisi: ghorofa 10 zenye fleti nne kila moja ni majiko 40, na vyoo 80 kama kila fleti ina viwili, pale palipokuwa na familia moja au mbili. Chemba ikitapika, wakazi wanaomba isiitwe tena kero. Iandikwe kwenye ramani kuwa chemchemi. Upande wa Jangwani, ambako Mto Msimbazi haujawahi kuomba kibali ukitaka kufurika, iandikwe kuwa ziwa la msimu.

Ombi la tatu ni la jua. Limekwisha kuhamia ghorofa ya nane kwenda juu, na upepo wa baharini umelifuata. Waliobaki chini wanaomba hati ya kivuli, wajue angalau wanamiliki nini.

Kamati itauliza: kama nyumba hizi ni za thamani, mbona hazilindwi? Swali zuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ni busara ya aina yake, kwa kuwa Sultani Majid ndiyo kwanza alikuwa akianza kulijenga jiji lenyewe miaka hiyohiyo ya 1860. Ili nyumba ya Upanga istahili, ilipaswa kusimama kabla ya Dar es Salaam. Vinginevyo Waziri aitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na Waziri ana shughuli nyingi. Mjini kati, jengo la Salamander la enzi za Wajerumani, kwenye Barabara ya Samora, halikuweza kusubiri, lilibomolewa.

Wapo wanaosema hofu ya wakazi ni ya kizamani, kwamba wataalamu wapo na vibali vipo. Wakazi wanakubali. Hata Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, kibali kilikuwepo. Iliripotiwa wakati ule kwamba kilikuwa cha ghorofa 10. Jengo lililoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi lilikuwa limefika 16, na watu 36 wakapoteza maisha. Novemba 16, 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, na serikali ikaunda tume. Kumbe anayehesabu ghorofa yupo. Tatizo ni kwamba huhesabu zikishalala chini.

Kuna wakati jiji liliwahi kuona mapema. Jengo la ghorofa 18 lilipoinuka jirani na Ikulu, Mtaa wa Chimara, maofisa wawili waandamizi wa Wakala wa Majengo wa Serikali walipandishwa kizimbani Kisutu kwa tuhuma za kutumia madaraka vibaya. Kwa hiyo inawezekana: ghorofa inaweza kuwa ndefu mno kwa jirani yake. Inategemea jirani ni nani.

Wakazi hawapingi ghorofa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na hao wote hawawezi kulala kwenye vibaraza vya Upanga. Wala hawadai mtaa wao ubaki jinsi ulivyokuwa. Umebadilishwa mara nyingi, hasa mwaka 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalipotaifishwa na wenye nyumba wengi wakaamka wapangaji. Majengo hayo yalifika mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo mwezi Novemba 2022 lilizindua sera mpya ya ubia na wawekezaji. Ubia ni mzuri. Wakazi wanauliza tu kama bomba, mtaro na barabara navyo ni wabia, maana ndivyo vinavyotoa mtaji mkubwa bila kupata gawio.

Kila kibali hutolewa kana kwamba kiwanja kinaelea peke yake. Ghorofa moja ndefu mtaa unaweza kuibeba. Ya saba haiulizwi kuhusu sita zilizotangulia. Basi, utani pembeni, wanaomba mambo matatu. Bango la kila mradi lionyeshe idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, kwa tarakimu anazoweza kuzisoma mpita njia, ili majirani wahesabu wenyewe. Tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria ya 2004 ipime mtaa mzima, na majirani wasikilizwe kabla mabati hayajazungushwa. Na iandaliwe orodha ya nyumba za miaka ya 1950 zinazostahili kubaki, wakati bado zipo za kuorodhesha.

Wenu katika kivuli,

Wakazi wa Upanga, ghorofa ya chini na ya kwanza

Nakala:

DAWASA: kwa ajili ya chemchemi.

Shirika la Nyumba la Taifa: kwa ajili ya gawio.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Faya: mnaombwa mje saa mbili usiku, magari yakiwa yameegeshwa pande zote mbili, mjaribu kukata kona ya mtaa wowote wa ndani, kisha mwandikie Kamati mlichokiona kabla kibali kinachofuata hakijagongwa muhuri.