Mkwezi Anaogopa Kizingiti

Jamani, mimi nimekwea minazi ya Msambweni ujana wangu wote. Mita 20 huko juu, kusi linauyumbisha mti, panga kiunoni, naangua madafu huku napiga mluzi. Leo nasimama mbele ya kizingiti cha bafu jasho linanitoka. Kizingiti chenyewe hata kifaranga anakiruka.

Goti la kulia si langu tena. Gegedu liliisha, mfupa ukawa wasagana na mfupa, nikavushwa ng'ambo Mombasa nikawekewa la chuma. Fisio wangu wa mazoezi anasema ni kobalti na kromiamu, katikati plastiki, na kwa wengi linadumu miaka 15 na zaidi. Ati halishiki kutu. Sawa. Lakini chumvi ya bahari imekula grili za madirisha yangu, imekula bati, imekula baiskeli. Goti ndilo itaogopa? Kila usiku nalipaka mafuta ya nazi.

Maumivu nimeyazoea. Shida ni kuanguka. Sijaanguka bado, na hilo ndilo linanitisha, maana siku yangu iko njiani. Nikiona ganda la embe, nageuka. Mchanga, nageuka. Kwa mkwe wangu kuna vile vigae vya kung'aa, natoa salamu nikiwa mlangoni. Fisio akaniambia, "Mzee, ukiogopa hutembei. Usipotembea, msuli wa paja unanywea. Ukinywea ndipo utaanguka kweli." Nikamwelewa vizuri sana. Nikarudi nyumbani nikakaa.

Kukaa nako kuna mambo. Mkekani siwezi, kuchuchumaa ndiyo usiseme. Mama watoto akampa fundi kiti cha plastiki akikate tundu, kikawekwe chooni juu ya shimo. Siku moja kimeoshwa, kiko uani chaanikwa, majirani wakaja kuazima viti vya harusi. Wakabeba vyote. Nasikia kile changu alipewa mjomba wa bwana harusi, akakikalia mpaka biriani ikaisha, akisifu kinavyoingiza upepo. Msikitini sisemi. Nasali kitini na vikongwe, tena kiti chenyewe chateleza.

Ngazi nazo zina sheria zake. Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, mbovu utangulie. Ukiwa kwa fisio ni rahisi. Sasa simama mlango wa matatu pale Ukunda, injini yanguruma, abiria wanasonya, nami nahesabu upi mzima upi mbovu, maana huu mbovu ndio wenye goti jipya, na huu mzima ndio mkuukuu. Makanga akapiga kelele: "Mzee, mguu wowote!" Akanitia mkono kwapani, akanipakia kama gunia la nazi. Msichana wa shule akaniachia nafasi, akaniita babu.

Mbega nao wananiudhi. Barabara ya ufukweni pale Diani, Colobus Conservation, shirika lililoanzishwa 1997, limewatundikia ngazi za kamba juu ya lami wavuke bila kugongwa na magari. Mbega anapita juu kwa raha zake, mkia unaning'inia. Mimi mwenye goti la kisasa niko chini, nangoja bodaboda ziishe. Haziishi.

Kliniki iko ng'ambo, kwa hivyo feri ya Likoni sina budi nayo. Waendao kwa miguu hawalipi, basi tunajaa kwelikweli. Lile bamba la chuma la kushukia likigusa ukingo limelowa maji, watu wanatoka mbio, mikokoteni inawafuata. Mimi nasema wacha wapite kwanza. Wapite wote. Wakishapita, wa kuvuka upande wa pili washaanza kumiminika ndani, na bamba lile lile, maji yale yale. Nashika reli. Feri inang'oa. Narudi Likoni, nampigia simu mama watoto namwambia kliniki leo ilikuwa na foleni.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukimwona mzee pale kwenye feri kakumbatia reli kwa mikono miwili, fimbo kaibana kwapani, tafadhali usimvute mkono ati wamsaidia. Simama nyuma yake umzuilie mikokoteni.